Kitambi cha Dar chakiona cha mtema kuni Mwika!

Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hapa mjini tunatembea nacho mbele kama abiria asiyelipa nauli. Nazungumzia kitambi.

Hapa Bongo mtu akinenepa anapongezwa. "Duu, siku hizi una afya!" "Naona mambo si mabaya!" Akipungua, hata kama amepungua kwa jasho lake mwenyewe, anavutwa pembeni na kuulizwa kwa sauti ya chini, "Vipi, unaumwa?" Neno afya tumeshaligeuza kuwa jina la nyama za mwili. Ndiyo maana daktari akimwambia mtu apunguze uzito, yeye anasikia kama anaambiwa afilisike.

Sasa stori yangu ya leo inatoka Mwika, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kuelekea Rombo. Nilikaa huko siku 11, Juni 2023. Sikwenda kupanda mlima kama Wazungu. Nilikwenda kumsindikiza mtu aliyekuwa anapigania maisha yake, ingawa kwa kumtazama ungedhani anakwenda kula likizo.

MHESHIMIWA NA JIWE

Huyo mtu ni mshikaji wangu wa siku nyingi, mzaliwa wa huko huko Mwika. Ofisini kwao wanamwita Mheshimiwa, na si kwa sababu amewahi kugombea ubunge. Ni umbile tu. Alikuwa na miaka 34, urefu mita 1.74, uzito kilo 108, na kiuno kilisoma sentimita 116. Kibosile kamili.

Aprili mwaka huo alipimwa. Presha ilikuwa 148 kwa 94. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, ingawa haijafika mahali pa kuitwa kisukari. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia, "Kijana, uko mlangoni, bado hujaingia. Ukipunguza uzito unaweza kurudi ulikotoka."

Wengine wangecheka na kuagiza nyama choma. Mheshimiwa hakucheka, maana dingi wake aliishi na kisukari miaka mingi, akakatwa mguu mmoja, na mwaka 2019 akafariki. Alizikwa nyumbani Mwika, kwenye kihamba chake, kati ya migomba na mibuni, kama ilivyo desturi ya Wachaga.

Ukifika kwao gari linaishia barabarani. Kutoka hapo unashuka korongo, unavuka kijito, halafu unapanda. Siku ya mazishi Mheshimiwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, alishindwa kupanda na jeneza. Wadogo zake wakalibeba. Yeye akabaki nusu ya njia, amekaa juu ya jiwe, anahema, huku wazee wakimpita na kutazama pembeni ili wasimwongezee aibu. Anasema alilia vitu viwili pale: baba yake, na pumzi yake.

Basi nilipomwambia twende tukatembee milima ya kwao, hakubisha. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Twende, lakini isiwe Desemba."

Alikuwa na maana yake. Desemba, Uchagani, si mwezi wa kumpeleka mtu anayepunguza uzito. Kila mwenye asili ya kule anarudi nyumbani, magari yanabanana barabarani, mbuzi wanachinjwa, ndafu anaokwa mzima mzima, kisusio kinachemka na mbege inazunguka. Unakwenda kumsalimia shangazi, unalishwa. Unavuka mfereji kumsalimia mjomba, unalishwa tena. Ukikataa umewadharau.

MDOMO NDIO ULIOSAFIRI

Kutoka Dar mpaka Moshi ni kilomita kama 560. Tulipanda basi alfajiri, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Mwanga. Umewahi kuitazama safari ya basi kwa jicho la tumbo? Kutwa nzima umekaa, miguu haina kazi, ila mdomo haupumziki. Karanga dirishani, korosho dirishani, biskuti, soda, na pale tunaposhuka kuchimba dawa kuna chips na kuku, dakika 20 tu, kula haraka gari linaondoka. Mheshimiwa aliniambia, "Unajua leo mimi sijasafiri? Uliosafiri ni mdomo."

Tulishuka Himo, maana kwa mtu anayetoka Dar, Himo unaipata kabla ya Moshi mjini. Pale joto linakupiga usoni. Tukapanda Noah ya kwenda juu. Konda akamtazama Mheshimiwa, akamzunguka kama anapima gunia, akasema, "Bosi, wewe utalipa siti 2." Gari zima likacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akalipa.

Noah ikapanda Marangu Mtoni, ikapita Mamba, ikatuingiza Mwika. Njiani tulifunga vioo, tulipofika tukatafuta masweta. Mwika ni ya migomba, kahawa, soko kubwa, makanisa, na chuo cha Biblia na theolojia cha Walutheri. Asubuhi mawingu yakiondoka unakiona kilele cha Mawenzi kimekaa kule juu, kimechongoka kama meno. Lakini kitu cha kwanza utakachokijua Mwika ni kwamba hapana tambarare. Ukitumwa chumvi unashuka, ukirudi unapanda. Ukienda kanisani unapanda, ukitoka unashuka. Hata jirani ambaye mnaongea naye kwa kupaza sauti, kumfikia ni korongo zima.

"BABA, USIJE UKATUFIA HAPA"

Kesho yake asubuhi tulianza kazi. Nasema kazi kwa sababu mama mkubwa wa Mheshimiwa, ambaye ndiye mwenyeji wetu, aliposikia tumekuja kufanya mazoezi alishangaa kweli kweli.

"Mwanangu, huku kwetu hatukimbii bila kukimbizwa," akasema. "Kama unataka jasho, ng'ombe wanataka majani."

Mambo ya ng'ombe Uchagani yako hivi. Vihamba ni vidogo na vimejaa migomba na kahawa, hivyo ng'ombe hafugwi kwa kuzurura. Anakaa bandani, chakula kinamfuata: majani, na migomba iliyokatwakatwa. Majani mengine hukatwa mbali, huko chini, na kupandishwa kichwani. Samadi nayo inatolewa bandani inarudishwa kwenye migomba. Kila kitu kinabebwa na mtu.

Tukapewa mundu na kamba. Kushuka kulikuwa raha tupu, tunapiga soga. Kupanda, noma! Mimi si bonge, lakini mapaja yaliwaka moto. Mheshimiwa alikuwa anapiga hatua 30 anasimama, anapiga 20 anasimama. Shati limelowa, mdomo wazi.

Ndipo nyuma yetu akatokea bibi mmoja. Nilimuuliza baadaye miaka yake, akasema ana 74. Kichwani alikuwa na mzigo wa majani uliomficha uso, unaona majani yanatembea yenyewe.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba wajukuu zangu." Akamtazama Mheshimiwa, akasimama kidogo, mzigo ukiwa kichwani vile vile. "Baba, pumzika. Usije ukatufia hapa."

Halafu akatupita! Hakuongeza mwendo, hakupunguza. Alikwenda kama saa ya ukutani, na baada ya kona mbili hatukumwona tena.

Nisieleweke vibaya. Sisifii shida. Akina mama wa Mwika wanabeba mizigo mizito mno, wengi wana maumivu ya mgongo na magoti, na hakuna mwenye akili atakayesema bibi wa miaka 74 anastahili kubeba majani. Nilichojiuliza ni kitu kingine: kwa nini pumzi za huyu bibi ni nzuri kuliko za kijana wa miaka 34 anayekula kuku na kulala kwenye kiyoyozi?

WATAALAMU WALISHAKUJA MLIMANI

Kumbe swali langu lilishaulizwa zamani na watu wenye vipimo. Mwaka 1989 ilitolewa taarifa ya utafiti wa kisukari katika vijiji 6 vya Tanzania, vikiwamo vya mkoa wa Kilimanjaro. Walipimwa watu zaidi ya 6,000. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila 100.

Halafu watafiti wakafanya kitu kitamu zaidi. Walilinganisha watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wazima wa kijiji cha Shari, kwenye mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Ilala wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9, Shari asilimia 1.7. Wanawake wa Ilala asilimia 5.7, wa Shari asilimia 1.1. Yaani mjini mara 3 na zaidi, kwa wanawake mara 5. Wataalamu waliinyooshea kidole tofauti ya unene na ya kuutumia mwili.

Utasema labda wa mjini ni watu wa aina nyingine. Basi sikiliza hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijijini Morogoro kuja Dar. Walipimwa kabla ya kuhama, wakapimwa tena baada ya kuja. Ndani ya miezi 12 wastani wa uzito uliongezeka zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na wanawake pia. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za kutoa jasho kweli kweli walikuwa kama 79 katika kila 100 walipokuwa kijijini. Baada ya mwaka mmoja wa Dar wakabaki kama 26. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni mahali.

Na tangu hapo mambo hayajatulia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, wana sukari iliyozidi. Ule wa afya ya kaya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au ni wanene kupita kiasi. Tafiti hizi hazikupima watu kwa namna moja, lakini upepo unavumia upande gani unauona.

Mwilini hali inakuwa hivi. Mafuta ya tumboni, hasa yanayozunguka ini na utumbo, yanaifanya insulini ishindwe kufanya kazi vizuri. Insulini inatengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na sehemu nyingine. Ikishindwa, kongosho linatoa nyingine, linazidi kutoa, mwisho linachoka. Hapo kisukari kinaingia na virago vyake. Lakini msuli unaofanya kazi unaivuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, hata insulini ikiwa kidogo. Kwa hiyo yule bibi kila anapopanda na majani, mapaja yake yanaikusanya sukari. Sisi mapaja yetu yamekaa ofisini, yamekaa kwenye daladala, halafu yakakaa baa.

CHUNGU CHA MAMA MKUBWA

Haya, tuje kwenye sahani. Watu wanadhani kupunguza uzito ni kulala njaa. Kwa mama mkubwa hatukulala njaa hata siku moja. Asubuhi uji wa ulezi au ndizi za kuchemsha na chai. Mchana kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, au ngande ya mahindi na maharage. Jioni mtori, na nyama yake ilikuwa ya kunukia tu, si ya kushindana. Mboga za majani kila mlo.

Kasheshe ilikuwa kipimo cha sahani. Mama mkubwa alipakua mlima, kisha akapakua mlima mwingine juu yake. Na wewe msomaji unajua, kumkatalia chakula mama wa Kichaga ni kutafuta kesi ya ukoo. Mheshimiwa akatumia akili. Jioni ya pili akakaa naye jikoni, akamweleza alichoambiwa na daktari, akamkumbusha mguu wa mdogo wake, yaani wa marehemu baba yake.

Mama mkubwa alinyamaza. Akageuza kuni. Halafu akasema, "Ungesema toka jana."

Kuanzia hapo yeye ndiye akawa daktari wetu. Sahani ikawa nusu mboga, robo maharage, robo ndizi. Mafuta ya kupikia akayapima kwa kijiko. Chai ya Mheshimiwa ikawa haina sukari, na mtoto aliyempelekea bakuli la sukari kwa siri alifukuzwa jikoni. Mheshimiwa akawa anasema, "Mama mkubwa, nipe kidogo, nikimaliza nitaomba." Ukiniuliza, sentensi hiyo ni nzuri kuliko kitabu kizima cha kupunguza uzito. Haimkatalii mtu chakula chake, na mara nyingi ukimaliza huombi tena.

Mbege tulionja, maana kwenda Mwika usionje mbege ni ubishi. Kata moja, tukashukuru. Pombe ya kienyeji au ya chupa, gramu 1 ya kilevi ina kalori 7, wakati ya sukari ina 4 na ya mafuta 9. Halafu pombe ina rafiki yake anayeitwa nyama choma, hawaachani.

Jioni moja mzee jirani alitusimulia hadithi ya kale ya Kibo na Mawenzi. Mawenzi alikuwa mvivu. Kila mara moto wake unazimika, anakwenda kwa Kibo kuomba moto, na Kibo anampa na ndizi. Mawenzi akaona mambo ndiyo hayo, akawa anauzima moto kusudi apate ndizi. Kibo aliposhtuka akachukua mchi, akamtwanga kichwani, ndiyo maana mpaka leo Mawenzi amechongokachongoka. Mzee alipomaliza alimtazama Mheshimiwa, akanywa kata yake, hakuongeza neno. Tulicheka mpaka machozi.

MWIKA NAYO INABADILIKA

Usije ukadhani huko mlimani wote ni wembamba na wenye mapafu ya chuma. Siku ya soko nilizunguka na kutazama vizuri. Akina mama wa mikungu ya ndizi walikuwepo, wengine wametoka mbali kwa miguu. Lakini bodaboda nao wamepanga foleni, na kuna vijana wanaopanda pikipiki kwa mwendo ambao bibi yule anaumaliza huku akiimba. Chips zinakaangwa, soseji zinakaangwa, na soda zinashuka kreti kwa kreti. Niliona vitambi vya Mwika ambavyo havijawahi kufika Dar.

Tuihesabu soda kidogo. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu kama 37, sawa na vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ikishuka mpaka asilimia 5, yaani vijiko kama 6, ni bora zaidi. Chupa moja tu umeshapita. Na nani anakunywa moja sikukuu?

Kwa hiyo, msomaji, si hewa ya mlima inayomlinda mtu, wala si damu ya Kichaga. Ni maisha yanayomlazimisha kuutumia mwili kila siku, na chungu ambacho hakijajaa mafuta na sukari. Maisha hayo yakiondoka, kitambi kinapanda Noah pale Himo kinakwenda kukaa Mwika. Na ukiweza kuyatengeneza upya, hata Manzese au Kinondoni, kitambi kitakuhama.

Siku ya 9 tulipanda ile njia ya kwao tukiwa na majani. Mheshimiwa alisimama mara 3 tu. Lile jiwe la mazishi alilipita bila kukaa, akaligusa kwa mkono, akaendelea. Jioni nilimwona peke yake kule kihambani, anapalilia kaburi la baba yake.

KILO 8 NA MANENO YA WATU

Tuliporudi Dar alipanda mizani. Kilo 2 tu! Akataka kukata tamaa. Nikamwambia, kaka, haba na haba ndiyo iliyojaza hiki kitambi, na haba na haba ndiyo itakayokipunguza.

Akajitengenezea mlima wake mjini. Jioni anashuka Mwenge, anatembea mpaka Makumbusho, ndipo anapanda daladala nyingine. Ofisini kwao ni ghorofa ya 4, lifti akaisahau. Soda akaziacha za Jumapili. Chips mayai zikawa za mwisho wa mwezi. Nyumbani sahani ikafuata sheria ya mama mkubwa.

Desemba 2023 alikuwa kilo 100. Presha 132 kwa 84. Sukari imerudi mahali pake. Bado ni bonge, hilo nalisema mbele yake, na daktari bado anamdai kilo nyingine. Lakini magoti hayamuumi tena, anacheza mpira na mwanawe uani, na kukoroma kumepungua kiasi kwamba mkewe amerudi kulala chumbani. Haya ndiyo maisha bora yenyewe, jamani. Si lazima uwe mwembamba kama mlingoti.

Na hii si bahati ya mtu mmoja. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni mwa kisukari, kama Mheshimiwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka 3 walioingia kwenye kisukari walipungua kwa asilimia 58, ukilinganisha na walioachwa bila mpango huo. Kundi la vidonge vya metformin lilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 108, asilimia 7 ni kilo 7 na nusu hivi, si kilo 40.

Kilichomuuma Mheshimiwa ni maneno. Zilipoondoka kilo 6, shingo ikaonekana, mtaani wakaanza: "Amekwisha yule." "Ana ngoma." Msomaji, hofu hii ina historia. Ukimwi uliripotiwa Tanzania mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, na jirani zetu Uganda waliupa jina la Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Tulizika wengi. Ndipo ukondefu ukageuka hukumu, na unene ukawa cheti kwamba uko salama. Lakini leo kuna dawa za kufubaza virusi, mtu anaishi miaka na miaka na kunenepa juu. Huwezi kumpima mtu kwa macho. Anayetaka kujua hali yake aende kupima damu, asipime mashavu ya jirani.

Mheshimiwa alipochoka na minong'ono alijibu kwa kifupi baa moja, meza nzima ikasikia: "Baba yangu alikuwa mnene, akakatwa mguu. Mimi nataka kuzikwa na miguu yangu yote 2, tena nikiwa mzee." Wakanyamaza.

KAZI KWAKO

Kabla hatujaachana, chukua haya mfukoni.

Kwanza, jipime. Kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 kwenda juu uzito umezidi, 30 kwenda juu unene umepindukia. Mheshimiwa alianza na karibu 36. Halafu chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima kiuno. Mwanamume akizidi sentimita 102, mwanamke akizidi 88, hatari ni kubwa.

Pili, jitafutie mlima wako. Vituo 2 vya daladala kwa miguu, ngazi badala ya lifti, sokoni bila bodaboda. Nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki, umeshapata zile dakika 150.

Tatu, anza na vinywaji. Sukari ya kunywa haikushibishi, inakaa tu.

Nne, achana na chai za kukondesha na vidonge vya mtaani visivyojulikana vimechanganywa nini. Kama unatumia dawa za presha au sukari, usibadili kitu bila daktari wako. Na kama unapungua bila kukusudia, hospitali haraka, hapo si pa kufurahia.

Tano, mweleze anayekupikia. Awe mama, dada, mke, mume au mama ntilie. Mapambano haya hayashindwi wala hayashindiki bila jikoni.

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa kitambi kikikukatalia kuinama, cha uvunguni utakipataje? Viatu vile pale mlangoni. Tukutane wiki ijayo, na ukinikuta njiani kati ya Mwenge na Makumbusho, usinipe lifti.